EarthBound imegoma? Dalili, vyanzo na dawa zake

"Shangazi, imeganda."

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amefika nyuma ya maporomoko ya Grapefruit Falls, mlangoni mwa kiwanda cha Master Belch. Sauti ya ndani ikamtaka ataje neno la siri. Hapakuwa na mahali pa kuandika, wala orodha ya kuchagua. Akabonyeza A, akabonyeza B, akatoka nje, akarudi, akaulizwa tena vilevile. Nilimwambia aweke pedi mezani na asiiguse. Dakika ya kwanza alicheka. Dakika ya pili akawa ananitazama mimi badala ya skrini, vidole vikimwasha. Ya tatu ilipotimia mlango ukafunguka, naye akaruka kutoka kwenye kiti.

Neno la siri la pale ni kusimama tuli dakika 3 bila kugusa kitufe chochote. Viumbe wa Saturn Valley wanalisema wazi, ila yeye aliwapita mbio kwa sababu wanaongea kwa maandishi yaliyopinda kama ya mtoto wa chekechea, akadhani ni mapambo tu.

Nimeicheza EarthBound kuanzia mwanzo hadi mwisho mara nyingi kuliko gemu nyingine yoyote, na maswali ninayoulizwa karibu yote yanafanana na hilo. Mtu anadhani mchezo umeharibika, kumbe mchezo unamngoja yeye. Zipo pia hitilafu za kweli, za kaseti, betri na nakala mbovu, na hizo nitaanza nazo kwa sababu ukizichanganya na mafumbo ya hadithi utahangaika bure.

Kwa asiyeifahamu: Japani inaitwa Mother 2. Ilitoka huko tarehe 27 Agosti 1994 kwa Super Famicom (jina la Super Nintendo huko Japani), na Marekani ikafika Juni 1995 kwa jina la EarthBound. Mtunzi wake ni Shigesato Itoi, mtu aliyejulikana kwanza kwa kuandika matangazo ya biashara. Kazi ya programu ilipokwama, Satoru Iwata wa HAL Laboratory aliingia kuiokoa. Shujaa wake, Ness, ni mvulana mwenye kofia na gongo la besiboli. Fedha anazitoa ATM, anakula hamburger, na akitaka kuhifadhi mchezo anampigia baba yake simu. Ni Marekani iliyowazwa na Mjapani, yenye vituko kila kona, na vituko hivyo ndivyo vinavyowachanganya wageni.

Skrini nyeusi, au mchezo hauwaki

Kwa kaseti ya asili, anza na uchafu kwenye meno ya shaba ya chini. Usipulize kwa mdomo, maana mate huongeza kutu. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa ile alkoholi wanayosafishia mafundi simu, sugua meno pande zote mbili, kisha subiri ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Ukiona maandishi yanayosema kwamba kaseti haikutengenezwa kwa konsoli yako, hapo tatizo ni ukanda. Kwenye Super Nintendo, mchezo huu haukuwahi kuuzwa Ulaya. Ulaya iliupata rasmi mwaka 2013 kupitia Wii U. Kwa hiyo aliyenunua konsoli kuukuu Ulaya, ya mfumo wa PAL, akatafuta kaseti ya Japani au Marekani, ataonyeshwa mlango. Hakuna usafishaji utakaosaidia. Tafuta konsoli ya ukanda uleule wa kaseti, au cheza kupitia Nintendo Switch Online, ambako mchezo umekuwepo tangu Februari 2022. Hiyo ndiyo njia ninayowashauri wengi, kwa sababu inakuondolea karibu matatizo yote ya sehemu hii.

Ulihifadhi, ukazima, ukarudi: hakuna kitu

Ndani ya kaseti kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, inayotunza kumbukumbu wakati umeme umezimwa. Kaseti hizi zina miaka 30, na betri hazikuahidi kuishi hivyo. Pima hivi: hifadhi, zima, acha saa kadhaa, washa. Faili likiwa limetoweka, betri imekwisha. Imeungwa kwa risasi kwenye bodi, kwa hiyo mpelekee fundi mwenye mkono mtulivu, umwonyeshe upande wa chanya na hasi, na ujue mapema kwamba faili zilizobaki zitapotea betri ikitolewa.

Wanaotumia emuleta, programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta au simu, wana tatizo la namna nyingine. Emuleta ina njia yake ya kukamata mchezo pale ulipo, na mchezo una njia yake ya simu ya baba. Ukifungua picha ya zamani ya emuleta baada ya kuhifadhi kwa simu, ile kumbukumbu ya simu inaweza kufunikwa na ya zamani. Chagua njia moja. Mimi nakushauri simu, kwani baba huyo ana maneno mazuri.

Maadui wamejaa kama siafu, tangu mwanzo

Hii ni dalili ya kuchukulia kwa uzito. Onett, mji wa kuanzia, ina maadui wachache: mbwa, nyoka, kunguru, vijana wahuni wa genge la Sharks. Ukikuta skrini imesheheni, kila hatua pambano, hadi mahali ambapo wenzako hawaoni adui hata mmoja, shuku nakala yako.

Waliotengeneza mchezo huu waliweka mitego dhidi ya unakili, tena kwa tabaka. Mtego wa kwanza unapima ukubwa wa kumbukumbu ya kaseti. Vifaa vya kunakilia vilikuwa na kumbukumbu kubwa kuliko kaseti ya kweli, na mchezo ukiona hivyo unatoa onyo na kusimama. Wanakili wakaondoa onyo hilo. Basi mtego unaofuata hukagua kama onyo limeguswa, na ukigundua hivyo hausemi neno. Unaongeza maadui tu, mchezo uwe adha. Ukivumilia hadi pambano la mwisho kabisa na Giygas, mchezo unaganda, na ukiuwasha tena faili zako zote zimefutwa.

Sijui adhabu nyingine kwenye gemu inayouma kama hiyo. Mtu amecheza makumi ya saa, amewapenda watoto wale wanne, ananyang'anywa hatua chache kabla ya mwisho. Kwa hiyo kama una kaseti ya bei ya kutupa kutoka kwa muuzaji usiyemjua, au faili lililochezewa, na maadui wanakusonga hivyo, acha leo. Usiseme utavumilia.

Sasa twende kwenye matatizo ambayo mchezo uko sawa na wewe ndiye unayengojwa.

Unakufa ovyo Onett

Ness yuko peke yake, hana nguvu, na sehemu hii ni ngumu kuliko nyingi zinazofuata. Rudi nyumbani kila unapochoka. Mama atakupikia chakula ulichoandika mwanzoni kuwa unakipenda, utalala, na asubuhi umepona bila kulipa senti. Hapo kwenye chakula unaweza kuandika chochote kinachoenea. Mimi huandika pilau, na mama wa Ness ananipikia pilau mchezo mzima.

Fedha zisikae mfukoni. Mkipigwa wote mkaanguka, unapoteza nusu ya ulizonazo mkononi, lakini za benki haziguswi. Baba anakuwekea fedha kwenye akaunti kadiri unavyoshinda mapambano, kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba maadui hawaangushi hela hajapita ATM tu. Jambo jingine: ukianguka na kukubali kuendelea, Ness anaamka na HP (uhai) kamili lakini PP (nguvu za kutumia uwezo wa akili) sifuri, na wenzake wanabaki wamezimia hadi uwapeleke hospitali. Usikimbilie vitani. Tafuta pa kulala kwanza.

HP inasoma sifuri karibuni, unakata tamaa

Usikate tamaa. Hapa ndipo watu wengi wanakufa kwa kutojua.

Mita ya HP ya EarthBound ni kama ile ya kilometa kwenye gari la zamani, tarakimu zinazunguka moja moja. Ness ana HP 90, anapigwa pigo la 120. Maandishi yanakwambia ameumia vibaya kabisa, lakini hajafa. Tarakimu ndiyo kwanza zinaanza kushuka: 89, 88, 87. Ana sekunde kadhaa, na ndani ya sekunde hizo unaweza kufanya mambo mawili. Mponye kwa Lifeup, uwezo wa kuponya, na mita itageuka kupanda. Au limalize pambano, na mita itasimama pale ilipofika, hata kama ni 3.

Kosa la kawaida ni kusoma kila sentensi kwa utulivu wakati mita inakimbia. Pigo kubwa likiingia, piga kitufe, yapitishe maandishi, fika kwenye orodha ya amri haraka, chagua bila kusita. Kinyume chake, pigo dogo likiingia huna haraka yoyote.

Mahali pa kujifunza hili ni Peaceful Rest Valley, kwenye miti inayoitwa Territorial Oak. Ukiuangusha mti huo unalipuka, na mlipuko unatosha kuwaua wote. Mara ya kwanza kila mtu anafia hapo na kusema ni uonevu. Dawa yake: uache mti uwe adui wa mwisho, ujazie HP kabla ya kuumaliza, na ukilipuka tu bonyeza kitufe bila kukoma. Pambano limekwisha, mita imesimama, mko hai. Ukishalimudu bonde hilo umeelewa nusu ya mfumo wa vita wa mchezo wote.

Ness anapoteza zamu zake

Umemwamuru apige, naye anakumbuka harufu ya mapishi ya mama. Umemwamuru aponye, anakumbuka nyumbani. Zamu imepita bure, bosi anawachapa. Umekwenda hospitali, daktari hana jipya. Umempa dawa zote za mkobani, hazifanyi kitu. Watu huzima konsoli na kuwasha tena, wakidhani amri hazipokelewi.

Ness amekumbuka kwao, basi. Inampata yeye tu, si wenzake watatu, Paula, Jeff na Poo, na haina alama kubwa kwenye skrini wakati unatembea. Ukitaka kuhakikisha, fungua ukurasa wa hali yake usome. Dawa ni simu. Ingia hotelini au popote penye simu, mpigie mama. Mtazungumza maneno machache, atamwambia akaze moyo, na ugonjwa umekwisha. Kwenda nyumbani kumwona kunatibu vilevile.

Nimeishi miaka mingi mbali na kwetu, na nilipoikuta dalili hii mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo na pedi mkononi. Gemu zilikuwa zimenizoesha sumu, usingizi, upofu. Hakuna iliyowahi kuniambia kwamba mtoto anayetembea ulimwengu peke yake atamkumbuka mama yake katikati ya vita, na kwamba hakuna kidonge cha hilo. Ninayemfundisha EarthBound namwambia jambo moja: kila unapompigia baba kuhifadhi, mpigie na mama. Inachukua nusu dakika, na kama tatizo hili limeanza, litakwisha hapohapo.

Baba naye akikupigia mwenyewe katikati ya safari kukuuliza kama hujacheza muda mrefu mno, hiyo si hitilafu. Anakutaka upumzike.

Unabonyeza juu, anakwenda kushoto

Pedi yako ni nzima. Mtazame vizuri kichwani: ameota uyoga. Adui wa uyoga amemrushia mbegu, na sasa vishale vyako vinabadilika maana, tena havibaki kwenye mpangilio mmoja. Kwenye pambano, aliyeota uyoga anaweza kumpiga mwenzake. Nenda hospitali. Yupo mtu pale atakayeung'oa na hata kukulipa kwa ajili yake, kwa hiyo uyoga ni ugonjwa pekee unaoingiza hela.

Kikundi kikifuatwa na kizuka kidogo vitani, mmoja amepagawa, na kinachohitajika ni mganga aliye hospitalini, si daktari. Aliyegeuka almasi vivyo hivyo. Jua la jangwani hutibiwa kwa taulo bichi, Wet towel. Mafua yana dawa yake dukani.

Mkoba umejaa

Kila mtoto ana nafasi 14, na nyingi zinaliwa na vitu usivyoruhusiwa kutupa: kadi ya benki, jiwe la sauti. Piga simu kwa dada yako, Tracy, aliyeajiriwa na Escargo Express. Watatuma mtu kuchukua mizigo kwa dola 18 na kuitunza hadi utakapoihitaji, jumla ya vitu 36. Wachezaji wengi wanasahau huduma hiyo ipo, wanaishia kutupa silaha nzuri porini.

Baiskeli ikikataa kupandika, mara nyingi sababu ni moja: una wenzako. Ni ya Ness tu akiwa bila wenzake. Furahia kuipanda kabla Paula hajajiunga.

Njia imezibwa na penseli kubwa ya chuma

Hii hapa inaleta vilio. Uko Peaceful Rest Valley, unajua lazima upite, na katikati ya njia imesimama sanamu ya penseli. Haipigiki, haisukumiki. Watu huzunguka bonde zima wakitafuta mlango wa siri na miti ile inawalipukia.

Rudi Twoson, mji wa pili. Kuna vijana wawili wavumbuzi. Orange Kid ni nadhifu, anasifiwa na mji mzima. Apple Kid anaishi kwenye nyumba chafu, ana njaa, hakuna anayemwamini. Wote wawili wanataka dola 200 za utafiti. Anayekufaa ni Apple Kid. Mpe chakula, mpe dola 200, chukua simu ya kupokelea kutoka kwa panya wake, halafu endelea na safari. Atakupigia kukwambia amevumbua Pencil Eraser, kifutio cha sanamu za penseli na si kingine. Kachukue, kitumie mbele ya penseli, njia itafunguka.

Orange Kid atakupa mashine inayoimba wimbo wa kumsifu yeye mwenyewe kisha inaharibika.

Kama umempa Apple Kid hela na simu hailii, kagua mambo mawili: je, ulimlisha pia, na je, ile simu ya kupokelea unayo au umeipeleka Escargo Express? Na usikae ukisubiri ndani ya nyumba. Toka nje, tembea.

Mizuka inakutupa nje ya handaki la kwenda Threed

Hutapita kwa nguvu, hata uwe leveli gani. Mizuka ile inashindwa na muziki tu. Bendi ya Runaway Five imekwama Twoson, kwenye Chaos Theater, kwa sababu ya deni. Ukishamwokoa Paula na kurudi Twoson, Everdred, kiongozi wa wezi wa mji huo, atakupa bunda la dola 10,000. Mpelekee meneja wa ukumbi, bendi itakombolewa, na watakupandisha kwenye basi lao. Muziki ukipigwa, handaki linapitika.

Hapo hapo niseme na kuhusu Carpainter, kiongozi wa dhehebu la kijiji cha Happy Happy, kwa kuwa anatangulia: kama radi yake inakuua kila mara, hujachukua nishani ya Franklin Badge kutoka kwa Paula. Mtembelee gerezani kwanza, akupe, ndipo ukamkabili. Radi itamrudia mwenyewe.

Ness na Paula wamefungiwa, kisha unajikuta na mvulana mwingine kwenye theluji

Faili halijachanganyika. Threed unamfuata mwanamke hadi hotelini, mnanaswa, mnafungiwa chini ya makaburi. Paula anaita msaada kwa mawazo, na anayesikia ni Jeff, aliyelala bwenini nchi ya Winters. Kuanzia hapo unamwongoza Jeff hadi awafikie.

Kwenye ziwa la Winters watu hukwama kwa sababu wanatafuta mtumbwi. Hakuna mtumbwi. Lala kwenye kambi ya wanaomsubiri Tessie, kiumbe wa ziwani, kisha ufike ukingoni upepo unapozungusha majani, na umpe nyani anayefuatana na Jeff bazoka, bablishi yake. Atapaa na puto la bablishi hiyo, na Tessie ataibuka kuwavusha.

Mizimwi ya Threed yenyewe haimalizwi kwa gongo. Ngoja simu ya Apple Kid, ngoja mtu wa pizza akuletee Zombie Paper, itandaze kwenye lile hema mjini, nenda kalale hotelini. Asubuhi wote wamenata.

Moonside: kila jibu lako linaeleweka kinyume

Ndiyo, kinyume kabisa. Kwenye mji ule wa taa za rangi usiku wa Fourside, "ndiyo" ni "hapana" na "hapana" ni "ndiyo". Ukitaka kulala hotelini, kataa. Kuta nyingine huzioni, na watu fulani wanakurusha sehemu nyingine ya mji ukizungumza nao. Usijaribu kuchora ramani ya barabara. Andika nani anakurusha wapi, na ndani ya robo saa utakuwa umefika kwenye sanamu ya Mani Mani unayoitafuta.

Teleport inakwama, watoto wanabaki weusi kwa masizi

Teleport ni uwezo wa kurukia mji uliokwisha kufika. Ile ya kwanza inahitaji uwanja wa kukimbia. Ness anaanza mbio, na akigonga ukuta, mti au mtu kabla kasi haijatimia, safari imevunjika. Simama mwanzo wa barabara ndefu iliyonyooka. Ile ya pili, beta, inazunguka kwenye duara dogo na ndiyo ya kutumia mahali finyu. Ndani ya nyumba na mapangoni usijisumbue.

Jeff hatengenezi vitu, Poo haponi akila

Jeff hutengeneza usiku, kikundi kikiwa kimelala. Kitu kibovu lazima kiwe kwenye nafasi zake yeye, si za Ness, na akili yake iwe imefikia kiwango cha kitu hicho. Hata hapo si kila usiku anafanikiwa. Hana PSI (uwezo wa akili) na hatapata, kwa hiyo usimngoje. Mjazie roketi za chupa, naye atakuwa mwenye pigo kubwa kuliko wote.

Poo ni mwanamfalme wa Dalaam, na vyakula vya mijini vinampa nguvu kidogo sana. Silaha za wenzake nazo zinamshusha badala ya kumpandisha. Upo upanga mmoja tu unaomfaa, unaodondoshwa na Starman Super kwa uwezekano wa 1 kati ya 128. Mwache mikono mitupu. Anatosha hivyo, na watu wamepoteza siku nzima wakiutafuta upanga huo.

Tenda hawaongei na wewe

Tenda ni viumbe wenye haya. Kuna kitabu cha kuwatibu haya, kiko maktaba ya Onett, nyumbani kabisa ulikoanzia.

Unampiga Giygas, hafi

Hatua ya kwanza, mpige Pokey, jirani wa Ness aliyejiunga na adui, kwa kuwa yanayomfikia Giygas yanakurudia. Hatua ya pili mpige Giygas mwenyewe kwa kila ulichonacho. Kisha inafika mahali silaha hazina maana tena. Unatupa roketi, unatumia PSI ya juu kuliko zote, unamaliza PP za kikundi, naye yupo palepale, akitamka maneno yasiyoshikana juu ya picha isiyo na umbo. Wengi wanadhani leveli haitoshi, wanarudi kufanya mazoezi ya saa kumi. Haihusiani na leveli.

Katika orodha ya amri za Paula kuna moja ambayo pengine hujaigusa tangu Twoson, kwa sababu matokeo yake vitani hayatabiriki: Pray. Aombe. Ombi la kwanza litakuonyesha kitu, na sitasema ni nini wala ni nani. Aombe tena. Inahitaji mara 9. Katikati ya maombi hayo utashawishika kuacha na kurudi kupiga. Usirudi. Kazi ya wengine watatu ni moja: Paula asianguke. Akizimia, mwamsheni kabla ya kitu kingine chochote. Lifeup kwa wote, ngao kila zinapokwisha, na mita ya HP uiangalie kama nilivyoeleza pale kwenye miti ya Peaceful Rest Valley.

Giygas ameshindwa, lakini mchezo hauishi

Watoto wamesimama, hakuna maadui, hakuna bango la mwisho. Wapo waliozima hapo wakijua wamemaliza.

Usizime. Ulimwengu umefunguliwa wote, na kila uliyemsaidia ana maneno mapya ya kukwambia. Pita Saturn Valley, pita Threed, mtafute Apple Kid. Mpeleke Paula kwao Twoson. Kisha panda hadi Onett, ingia ndani, zungumza na mama. Picha zote alizokuwa akikupiga yule mpiga picha anayeshuka kutoka angani zitapita moja moja mbele yako. Zikimalizika, iache pedi ilipo na ungoje tena kama ulivyongoja nyuma ya maporomoko, kwa sababu usiku huo kuna mtu atagonga mlango.